Bismarck hakuwa mvuvi

Nilikimbia kidogo, mapepa yalinibana. Leo nimerudi na hasira.

Jana mdogo wangu, yuko darasa la tano, alikuja kunisalimia hapa chuoni Malimbe. Nikampeleka mjini akapige picha kwenye lile jiwe letu, maana kufika Mwanza bila picha ya Jiwe la Bismarck ni kama hujafika. Njiani nilimsimulia habari za Kisiwa cha Saanane: kwamba jina lile ni la mzee Saanane Chawandi, aliyeishi pale akilima na kuvua samaki, mpaka 1964 alipohamishwa kupisha bustani ya wanyama. Siku hizi, tangu 2013, ni Hifadhi ya Taifa.

Tulipofika kwenye jiwe dogo akaniuliza, "Kwa hiyo na huyu Bismarck alikuwa mvuvi?"

Nilicheka. Halafu kicheko kikanikwama kooni. Mtoto ana akili kuliko sisi! Kwake ni wazi kwamba mahali panapewa jina la mtu aliyepaishi. Sasa nimwambie nini?

Nimwambie kwamba Otto von Bismarck alikuwa Kansela wa Ujerumani na hakuwahi kukanyaga Afrika hata siku moja? Kwamba nyumbani kwake Berlin, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, mataifa yalikaa mezani kupanga kanuni za kuligawana bara letu, bila Mwafrika hata mmoja kwenye kiti? Na kichekesho ni hiki: Wajerumani walianzisha kituo chao hapa Mwanza 1892, wakati mzee alishaachishwa kazi na Kaizari tangu 1890. Yaani jiwe letu lina jina la mstaafu wa watu!

Msinielewe vibaya. Siwalaumu Wajerumani kwa hili. Wao waliondoka Mwanza 1916, Waingereza walipoingia. Tangu hapo ni zaidi ya miaka mia. Waingereza nao waliondoka. Nani ametuzuia muda wote huu kujua ya kwetu?

Hebu tujipime. Nani kati yetu amesoma kitabu cha Aniceti Kitereza, mzee wa hapo Ukerewe tu, ng'ambo ya maji? Alimaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945 kwa Kikerewe. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House 1980, na yeye akafariki 1981. Leo Wajerumani wanaisoma kwa Kijerumani. Wao wanamjua mzee wetu, sisi tunapiga picha na wa kwao.

Bujora je? Makumbusho ya Wasukuma yako hapo Kisesa, barabara ya Musoma, nauli haifiki hata bei ya soda na chipsi. Mwaka wa tatu huu, wangapi tumefika?

Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendeka wakati wa Maji Maji. Songea wana makumbusho, wana majina ya mashujaa wao, wana mahali pa kumsimamisha mgeni wakamwambia "hapa ndipo". Angekuja Mwanza tungemsimamisha wapi? Kwenye jiwe, tumpige picha na babu yake!

Mshikaji wangu wa chumbani anasema jina likifutwa tutakosa watalii. Mwingine anataka lifutwe kesho asubuhi. Wote wawili siwaungi mkono. Ukifuta jina bila kueleza, dogo hatauliza tena swali lake, na sisi tutakuwa tumeponea aibu kwa bei rahisi. Mimi nasema jina libaki, ila kando yake kiwekwe kibao cha Kiswahili, kikubwa, kinachosomeka: huyu ni nani, hakuwahi kufika, na jina lake lilifikaje. Kule Saanane nako kiwepo kinachomtaja mvuvi aliyehamishwa.

Na sisi wanachuo tuna kazi yetu. Kila mwaka risachi ni zile zile, huduma kwa wateja, huduma kwa wateja, mpaka wateja wenyewe wamechoka. Kuna wazee Kirumba, Igogo, Kayenze na Ukerewe ambao wanajua visiwa na miamba hii iliitwaje na babu zao. Hawatusubiri milele. Chukua simu yako, kaa naye, mrekodi, andika. Mtu mmoja, mzee mmoja. Hiyo haihitaji bajeti ya serikali.

Dogo nilimjibu hivi: "Hapana, hakuwa mvuvi. Hakuwahi hata kuliona ziwa." Akaniangalia, akaliangalia jiwe, akasema, "Sasa kwa nini ni lake?"

Mwenye jibu anisaidie. Nawasilisha.