Nobel ya bosi

Hivi wenzangu, mwanafunzi akigundua kitu, ugunduzi ni wa nani? Najua mtanijibu harakaharaka: ni wake. Haya, kawaulizeni watoa Nobel ya fizikia.

Mwaka 1967 pale Cambridge, Uingereza, Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu. Alishiriki kuijenga darubini ya redio kwa mikono yake, kisha akawa anapekua karatasi zilizotoka kwenye mtambo, karibu mita 30 kila siku. Humo akaona kijialama cha ajabu. Msimamizi wake, Antony Hewish, mwanzoni alidhani ni kelele za mitambo ya binadamu. Bell hakukiachia. Kumbe zilikuwa pulsa, nyota zinazozunguka kwa kasi na kutuma mawimbi kwa mapigo.

Mwaka 1974 Nobel ikatoka. Wakapewa Hewish na Martin Ryle. Tuzo moja inaweza kugawanywa kwa watu hadi watatu. Yaani nafasi ya tatu ilikuwepo, ikaachwa wazi!

Wapo watakaosema bosi ndiye aliyebuni mradi, na ungeshindwa lawama zingekuwa zake. Bell mwenyewe amewahi kuitetea hoja hiyo, akasema hana kinyongo. Huo ni uungwana wake. Lakini uungwana wa aliyenyimwa haumsafishi aliyenyima.

Na msiniambie ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Tangu 1901 hadi 2025, kati ya washindi zaidi ya 220 wa fizikia, wanawake ni watano tu. Kutoka Maria Goeppert Mayer mwaka 1963 hadi Donna Strickland mwaka 2018 ilipita miaka 55. Huwezi kujipendekeza mwenyewe. Wanaopendekeza ni walioalikwa, na majina yao hufichwa miaka 50. Wakubwa wanachagua wakubwa wenzao, gizani.

Linanigusa kwa sababu nami ni mwandishi mdogo. Nimewahi kuhangaika na habari siku tatu, asubuhi nikafungua gazeti nikakuta jina la mkubwa, langu halipo. Nikaambiwa, "Ndivyo kazi ilivyo."

Mwaka 2018 Bell alipewa tuzo nyingine, Breakthrough, ya dola milioni 3. Zote akazitoa kuwasomesha vijana wa fizikia kutoka makundi yaliyoachwa nyuma.

Sasa niambieni, mkubwa hapo ni nani?