Nguvu si Kelele

Hebu tuambiane ukweli, vijana wenzangu: anayetia injini kubwa kwenye bagi akaacha breki zilezile za zamani si fundi, ni mpiga debe.

Mwaka 1964, huko California, Bruce Meyers aliunda kigari cha mchangani, Meyers Manx, kwa bodi ya faibaglasi na vyuma vya Volkswagen Beetle. Injini ndogo, uzito kidogo. Mwaka 1967 kikakata jangwa la Baja California, Meksiko, kwa saa 34 na dakika 45, kikaipita rekodi ya pikipiki kwa zaidi ya saa 5! Kilishinda kwa wepesi, siyo kwa ubabe.

Wakaja wajuaji. Wakang'oa injini ya silinda 4, wakapachika ya Chevrolet Corvair, silinda 6, nzito zaidi. Sasa cheka: injini hiyo huzunguka kinyume. Usipogeuza gia kubwa ya difu, bagi lako lina gia 1 ya kwenda mbele na 4 za kurudi nyuma. Ndiyo maendeleo hayo?

Waliogeuza, sawa. Lakini mwendo ukiwa mara 2, breki zinahitaji umbali mara 4 kukusimamisha. Hilo halina ubishi.

Ati "breki tutaweka baadaye". Baadaye ya nani? Abiria aliyeketi pembeni yako hakuulizwa. Anza na breki, klachi na chesisi, ndipo uongeze nguvu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za mchangani je?