Bustani ya nyumbani: Mchai, ndugu wa kamelia

Apitaye kando ya shamba la chai huona majani tu, yamesawazishwa kama meza kubwa ya kijani. Maua haoni, kwa maana mti unaochumwa kila mara haupewi nafasi ya kuchanua. Lakini mchai ulioachwa peke yake hutoa maua madogo meupe yenye moyo wa manjano, na aliyezoea bustani hulitambua ua hilo mara moja: ni ua la kamelia. Mchai na zile kamelia za Japani na China, zenye maua makubwa mekundu au meupe, ni wa ukoo mmoja, na jina lake katika vitabu vya mimea ni Camellia sinensis. Jina Camellia lilichaguliwa na Linnaeus, bingwa wa mimea wa Uswidi, ili kumheshimu mtawa Myezuiti, Georg Joseph Kamel. Huyo alizaliwa Brno mwaka 1661, akaenda visiwa vya Filipino, akawa mtengeneza dawa mjini Manila na kuandika habari za mimea ya huko, hata alipofariki mwaka 1706.

Leo twazungumza juu ya huyu ndugu anayenywewa. Wengi katika milima ya Kivu hudhani kwamba chai ni kazi ya makampuni yenye viwanda na magari. Sisi twaona kwamba jamaa yaweza kuwa na michai yake, lakini kwa sharti moja: isichukue nafasi ya maharagwe. Mashamba ya Kabare na Walungu ni madogo, na mama mwenye watoto hawezi kuwaambia wangoje miaka mitatu. Basi mchai upandwe pale pasipo chakula, yaani mpakani mwa kiwanja au kwa mstari unaokata mteremko. Hapo utakuwa ua wa nyumba, tena utazuia udongo usichukuliwe na mvua.

Kabla ya kushika jembe, uulizeni kwanza udongo. Mchai hutaka udongo mchachu, wenye kipimo cha pH kati ya 4.5 na 5.5. Asiye na kipimo atazame mimea. Mahali panapoota shenzi gugu lile la milimani liitwalo kangaga, na mahali ambapo hotensia ya bustani hutoa maua ya buluu wala si ya waridi, kwa kawaida udongo ni mchachu. Tena ardhi iwe yenye kina na isiyotuama maji. Kando ya bonde la matope mizizi huoza. Mvua nayo isipungue milimita 1200 kwa mwaka.

Hapa ndipo twataka kukaza neno, kwa sababu desturi njema yaweza kuleta hasara. Katika nyumba zetu majivu ya jikoni hutupwa bustanini, na kabeji huyafurahia. Lakini majivu, kama chokaa, huondoa uchachu wa udongo. Mchai unaomwagiwa majivu kila siku hudumaa na majani yake hugeuka manjano, na mwenyewe, akiuona umedhoofika, humwongezea majivu akidhani ana njaa! Mpeni samadi iliyooza vizuri, na juu yake nyasi kavu za kufunika udongo, zisiguse shina.

Miche hupatikana kwa njia mbili. Mbegu zitiwe majini: zinazozama zafaa, zinazoelea zitupwe. Zisiwekwe kabatini kungoja mwaka mwingine, kwa kuwa hupoteza uhai upesi. Njia ya pili ni pingili: kipande kifupi cha tawi, si changa sana wala kigumu, chenye jani moja na jicho lake. Hupandwa katika mifuko iliyojaa udongo wa chini, ule mchachu, hukaa kivulini na hunyunyiziwa maji bila kukosa. Kazi ya kitalu yachukua karibu mwaka mzima. Wanafunzi wa shule wenye subira waweza kuifanya vizuri kuliko wakubwa.

Miche hupandwa mvua za Septemba zikiisha kushika, hatua ya sentimita 75 kati ya mmoja na mwenzake. Kwa ua wa mita 30, miche 40 yatosha. Ukishika, kilele hukatwa ili matawi yatoke pembeni, na kazi hiyo hurudiwa mpaka mti uwe mpana, kimo cha kiuno. Usipokatwa huwa mti mrefu usiofikiwa na mkono. Mwaka wa pili vichipukizi hushawishi sana. Avichumaye mapema hudhoofisha mti. Ngojeni mwaka wa tatu.

Kuna jambo jingine, nalo si la udongo. Mchai waweza kuishi miaka hamsini na zaidi, kwa hiyo kuupanda mpakani ni kama kuandika mpaka. Mkubaliane kwanza na jirani, mbele ya mashahidi. Na huko Bushi, aliyepewa shamba kwa bwasa, yaani kwa mazao ya msimu, asipande mti wa kudumu humo. Mwenye kalinzi ana haki nyingine. Ugomvi wa shamba hauponywi na kikombe cha chai.

Kuchuma ni majani mawili na kichipukizi chake, kila juma moja au mawili wakati wa mvua. Chai ya kijani ndiyo rahisi nyumbani: majani hukaangwa mara moja katika sufuria kavu, moto usiwe mkali, husokotwa kwa viganja, kisha hukaushwa. Kwa chai nyeusi, yaacheni yanyauke usiku mzima kivulini, yasokotweni kwa nguvu mpaka maji yake yatoke, yafunikwe saa mbili hivi hata yapate rangi ya shaba, ndipo yakaushwe motoni. Moshi usiyafikie, la sivyo mtakunywa moshi. Kilo nne au tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Basi asitegemee mtu kujaza magunia kwa michai arobaini. Ni chai ya nyumbani, na ya kumpa mgeni.

Atakaye mbegu zake mwenyewe aache michai miwili mwishoni mwa mstari bila kuichuma. Iwe miwili kweli, tena isiyotokana na pingili za mti mmoja, kwa sababu ua la mchai halizai vema kwa chavua yake lenyewe. Baada ya maua, mbegu huchukua karibu mwaka mzima kukomaa.