Mnakimbilia nini kileleni?

Shule zikikaribia kufungwa hapa Doha, mazungumzo kwenye majlisi na kwenye magrupu ya simu ni yaleyale: nani anakwenda Unguja, nani Mombasa, nani kachoka na joto anataka Trabzon. Miaka hii limeongezeka jambo jingine. Watu wanataka Kilimanjaro. Na si vijana peke yao. Yupo baba mtu mzima, tumbo mbele, keshalipia safari ya siku tano yeye na wanawe, na pahala pa kuitundika picha ya kileleni ukutani keshapachagua.

Mimi nasema waende. Watoto wetu wanakulia katika nchi ambayo kilima chake kirefu kuliko vyote, Qurayn Abu al-Bawl, ni mita 103 tu. Ndege inatoka hapa mpaka uwanja wa Kilimanjaro moja kwa moja, saa zetu na za Tanzania ni zilezile, na likizo ya Julai na Agosti inaangukia kiangazi cha mlimani. Sasa udhuru gani tena?

Ninachogombana nacho ni hizo siku tano.

Kilele cha Uhuru kipo mita 5,895. Pale juu oksijeni unayoivuta ni kama nusu ya unayoivuta Corniche. Mwili unazoea, lakini unataka muda wake, na haujui kama umelipia safari ya bei ghali. Sisi tunatoka usawa wa bahari, kesho yake tupo lango la Marangu karibu mita 1,900, na ndani ya siku nne tunataka tuwe kileleni. Kijana wa jimu ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa sababu ana nguvu za kwenda mbio. Kichwa kinaanza kugonga, chakula hakipiti, anatapika, na kwa kuona haya mbele ya wenzake ananyamaza. Ikizidi, maji yanajaa mapafuni au ubongo unavimba, na hapo dawa ya kwanza ni kushuka, hata ikiwa usiku. Wenyeji wanaposema "pole pole" hawaimbi, wanakupa dawa.

Kwa hiyo nunua siku ya sita. Njia ya Marangu, ambayo watu hulala kwenye vibanda badala ya mahema, siku hiyo hutumika kupumzika Horombo, mita 3,720. Ukipata saba au nane kwa njia nyingine, bora zaidi. Mtu anayeweza kubadilisha simu kila mwaka asiniambie hana fedha ya siku moja.

Na wadogo? Mtoto wa chini ya miaka 10 haruhusiwi kupanda mpaka kileleni, na msijaribu kumbembeleza mtu langoni. Lakini hifadhi si kilele peke yake. Kutoka Marangu mpaka vibanda vya Mandara, mita 2,720, ni mwendo wa saa chache ndani ya msitu mzito, wenye ukungu, kima na mbega juu ya miti. Hatua chache mbele ipo kreta ya Maundi, mtoto anachungulia volkano kwa macho yake. Jioni mmesharudi Moshi. Kwa familia nyingi ninazozijua hapa, hiyo ndiyo safari yenyewe, na bibi anaweza kuwasubiri hotelini na chai yake.

Mambo ya matumizi niyapitie haraka. Mwenye pasipoti ya Tanzania au ya nchi nyingine ya Afrika Mashariki analipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni, basi kama unayo usiiache kabatini. Koti zito na mfuko wa kulalia vinakodishwa Moshi, hapana haja ya kununua kila kitu kwenye mall. Habari ya nyama ya halali waulize mapema na uwaambie wazi. Mazoezi fanyeni kwa ngazi za jengo, na wenye jamaa Oman wapande kwanza Jebel Akhdar, mita 2,000 na zaidi, mjue magoti yenu yana habari gani.

Limebaki la wapagazi, na hili ndilo linaloniuma.

Nyumba zetu za Ghuba zimewazoesha watoto kwamba mzigo una mtu wake. Begi la shule linabebwa na dada wa kazi mpaka garini. Mlimani wanakutana na jambo hilohilo, ila kubwa zaidi: mpandaji mmoja anaweza kuwa na wapagazi watatu au wanne, wamebeba hema, gesi, mayai, maji, kichwani, kwenye baridi. Na neno lenyewe "mpagazi" tunalijua sisi watu wa pwani kabla ya watalii. Ni neno la misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani, Bagamoyo na Mombasa, na wenye mizigo ile baadhi yao ni babu zetu. Mtoto aelezwe hilo, bila ya kufichwa.

Sheria ya hifadhi inasema mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Simama hapo uangalie mizani. Uliza kampuni yako kabla ya kulipa: wapagazi wanalipwa nini kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala wapi. Kampuni inayokasirika kwa swali hilo, iache. Bakshishi toa mbele ya wote, kila mtu asikie fungu lake, kwani ikipita mikono mingi hupungua njiani. Mwambie mwanao awaamkie kwa majina yao, na aliye mkubwa kwake amwamkie shikamoo.

Na begi dogo abebe mwenyewe: chupa ya maji, koti la mvua, biskuti zake. Kilo tatu nne hazimuui.