Mchezo Huu Umetengenezwa kwa Saa za Nani?

Ni nadra siku hizi kupata nyumba yenye kijana na kompyuta, au hata simu ya kisasa tu, ambayo haijapata kuingia ugomvi kwa ajili ya michezo ya video. Mama huita kwamba chakula kinapoa. Kijana hujibu kwamba amebakiza kidogo. Baba hutishia kukichukua chombo hicho na kukifungia kabatini. Katika kambi za jeshi na kota za polisi, ambako nyumba zimeshikamana ukuta kwa ukuta, ugomvi huo humfikia na jirani, naye jirani hutoa shauri lake bila kuombwa.

Wazazi hawagombani na kivuli. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikubali kuyaingiza katika orodha yake ya maradhi yale ya mtu aliyeshindwa kabisa kujizuia na michezo hiyo, na orodha hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Serikali ya Uchina ilikwenda mbali zaidi: tangu Septemba 2021 iliamuru kwamba watoto wachezao kwa mtandao wapewe saa moja tu, kuanzia saa mbili usiku hadi saa tatu, tena siku za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili na sikukuu. Juu ya mtoto anayecheza, basi, yamekwisha kusemwa mengi, na kila mzazi ana lake. Asiyesemwa ni yule mtu mzima aliyeutengeneza mchezo wenyewe, ambaye naye ana mama anayemwita chakulani, au mke anayefunika sahani na kwenda kulala.

Hapo mwanzo mtu huyo alikuwa mmoja. Bwana Tomohiro Nishikado wa Ujapani, aliyeutoa mchezo wa Space Invaders mwaka 1978, alibuni maadui, akawachora, akaandika programu, tena akaunda na mtambo wenyewe wa kuuendeshea. (Wale maadui wanaozidi kwenda mbio kadiri wanavyopungua hawakuongezewa mwendo kwa makusudi, mtambo ulikuwa dhaifu, na ulipopunguziwa mzigo wa kuwachora ukaenda upesi.) Lakini biashara ilipokua, mtunzi alifichwa nyuma ya jina la kampuni. Kampuni ya Atari ya Marekani, iliyotia michezo hiyo sebuleni mwa watu kwa kaseti za kuchomeka katika mtambo uliounganishwa na televisheni, haikuruhusu jina la mtunzi liandikwe mahali popote.

Kijana mmoja wa kampuni hiyo, Bwana Warren Robinett, alilipiza kwa namna ya pekee. Katika mchezo wake wa Adventure alitengeneza chumba cha siri, na ufunguo wa chumba hicho ulikuwa nukta moja ndogo yenye rangi sawa na sakafu, hata jicho lisiweze kuiona. Aliyebahatika kuiokota na kuichukua mpaka kwenye ukuta fulani alipita, na ndani akakuta maneno ya kutangaza kwamba mchezo huo umetungwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu. Mchezo uliuzwa, na siri ilipofichuliwa kwa barua ya mvulana mmoja mchezaji, mwenyewe alikuwa amekwisha kuacha kazi. Kampuni ilitazama gharama ya kulifuta jina, ikaona afadhali iliache.

Kuna watakaoliita jambo hilo utoto. Lakini seremala hupiga alama yake chini ya kiti, na fundi wa kufuma mkeka hujulikana kwa nakshi zake. Kumnyima mtu jina juu ya kazi ya mikono yake ni kumwambia kwamba yeye ni chombo kama vyombo vingine. Mwaka 1979 watunzi wanne wa Atari, baada ya kuona jinsi michezo yao ilivyoiingizia kampuni mali nyingi huku wao wakibaki na mshahara tu, walitoka na kushiriki kuanzisha kampuni ya Activision, nayo ikaandika majina ya watunzi hadharani.

Majina yalipatikana, basi. Saa hazikupatikana.

Julai 1982 Bwana Howard Scott Warshaw, aliyekuwa amebaki Atari, alipewa kazi ya kutunga mchezo kutokana na filamu ya E.T., iliyokuwa ikijaza majumba ya sinema mwaka huo. Kazi ya namna ile ilihitaji miezi kadhaa. Yeye alipewa majuma yapatayo matano, kwa sababu kampuni ilitaka kaseti ziwe madukani kabla ya Krismasi. Bwana Warshaw akafungiwa mtambo wa pili nyumbani kwake, ili asiwe mbali na kazi isipokuwa anapokuwa njiani ndani ya motokaa. Akaimaliza kwa wakati. Wanunuzi wakauona mchezo huo kuwa mgumu na wa kukera, kaseti zikarudi kwa wingi, na mwaka 1983 Atari ikazifukia shehena kubwa za bidhaa zake katika jalala la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Kwa miaka mingi watu walidhani hizo ni hadithi tu, mpaka jalala lilipochimbwa Aprili 2014 na kaseti zipatazo 1,300 zikatolewa, za E.T. zikiwamo.

Mtambo ule wa pili nyumbani kwa Bwana Warshaw ulikuwa kitu cha ajabu mwaka 1982. Leo mtambo kama ule umo mfukoni mwa kila karani, na mkubwa wa kazi humpata mtu akiwa mezani na wanawe, akiwa msibani, akiwa kitandani. Ufaransa ilibidi itunge sheria, iliyoanza tarehe 1 Januari 2017, inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zipatane nao juu ya haki ya kutoshughulikia ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Ajabu ni kwamba jambo la namna hiyo limehitaji sheria.

Lakini aliyeieleza habari hii vizuri kuliko wote hakuwa mbunge wala mfanyakazi. Alikuwa mwanamke wa nyumbani kwa mfanyakazi. Novemba 2004 ilitangazwa katika intaneti barua isiyo na jina, iliyotoka kwa mtu aliyejitambulisha tu kuwa mwenzi wa mmoja wa watengenezaji wa kampuni ya Electronic Arts ya Marekani. Alieleza kwamba mwanzoni mwenzake aliambiwa afanye kazi saa 8 kwa siku sita za juma, kwa muda mfupi tu, ili baadaye pasiwe na haraka. Baadaye zikawa saa 12 kwa siku hizo sita. Halafu ikawa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nne usiku, siku zote saba, ila Jumamosi moja moja waliruhusiwa kutoka saa kumi na mbili na nusu jioni. Alipiga hesabu akapata saa 85 kwa juma. Malipo ya saa za ziada hayakuwapo, wala likizo ya kufidia. Watu wa kazi hiyo wana neno lao kwa vipindi vya namna hiyo, nalo kwa maana yake ya asili ni sauti ya kitu kinachosagwa kwa meno.

Mke wa askari akiisoma barua hiyo ataijua kila aya, na hapo hapo ataona tofauti. Yeye pia amelala peke yake, amejifungua mumewe akiwa mbali, amewajibu watoto wanaouliza baba atarudi lini. Lakini mumewe alipoitwa kulikuwa na jambo lililoshindwa kungoja, na kwenye lindo kuna zamu: mwenye bunduki saa sita usiku anajua nani atakuja kumpokea. Ofisa anayewapanga watu wale wale lindoni usiku hata usiku, akiwa na wengine kambini, siku moja atamkuta mlinzi amesinzia, na kosa la kwanza si la mlinzi. Kule California hapakuwa na adui mpakani. Palikuwa na tarehe ya kuuza.

Wapo wanaojibu kwamba watengenezaji hao hulipwa vizuri, na kwamba anayependa kazi yake hahesabu saa. Jibu hilo ni dhaifu. Mapenzi ya kazi ni ya mfanyakazi mwenyewe. Si mali ya tajiri kuyachota bila malipo. Na hata kama mume angelipenda kukaa ofisini usiku kucha, mkewe hakuandikiwa mkataba wa kukaa peke yake.

Barua ile ilisomwa na watu wengi mno, nao wake na waume wengine wakaandika ya kwao. Kesi za madai ya saa za ziada zikamalizwa kwa mapatano: kampuni ilikubali kutoa dola 15,600,000 kwa wachoraji mwaka 2005, na dola 14,900,000 kwa watunzi wa programu mwaka 2006. Mwaka huo huo mwandishi wa barua alijitokeza kwa jina lake, Bibi Erin Hoffman. Wakati wa kuandika alikuwa mchumba wa mtengenezaji huyo. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba yeye mwenyewe naye aliingia katika kazi ya kubuni michezo.

Asidhani mtu kwamba mambo yaliishia hapo. Januari 2010 wake wa wafanyakazi wa kampuni ya Rockstar, katika ofisi yake ya San Diego, waliandika barua ya wazi ya namna ile ile, juu ya siku 6 za kazi kwa juma na afya za waume zao. Kule Poland kampuni ya CD Projekt iliahidi mwaka 2019 kwamba haitawalazimisha watu wake kupita saa zao kwa ajili ya mchezo wa Cyberpunk 2077. Septemba 2020 ikawaamuru wafanye kazi siku 6 kwa juma. Mchezo ulitoka Desemba mwaka huo ukiwa na kasoro nyingi hata Sony ikauondoa katika duka lake la mtandao na kuwarudishia wanunuzi fedha zao. Mlinzi alikuwa amesinzia.

Saa 48 kwa juma ndicho kipimo kilichowekwa na mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, kwa watu wa viwandani, mwaka 1919. Mwaka 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Afya Duniani yalitoa hesabu kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma huongeza hatari ya kupatwa na kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na mwenye saa 35 hadi 40. Hesabu ya Bibi Hoffman ilikuwa 85.

Kwa hiyo kijana anapolalamika kwamba mchezo anaoungoja umeahirishwa kwa miezi mitatu, asiharakishwe kuambiwa kwamba kampuni imemdanganya. Pengine mahali fulani baba wa watu amekwenda nyumbani saa kumi na moja jioni. Kuna nafasi ya kumweleza hivyo, hasa ikiwa chakula hakijapoa bado.

Na Bwana Warshaw, yule wa majuma matano, aliachana na michezo, akarudi masomoni akiwa mtu mzima, akapata leseni ya kutibu watu wenye dhiki za moyo kwa njia ya mazungumzo. Alifungua kazi yake huko huko California, katika bonde la makampuni ya kompyuta.