Maoni Yetu: Utafiti Bila ya Mateso

Katika miaka ya 1940, mwanamke wa Uingereza aliyetaka kuhakikisha kama ana mimba alimtegemea chura. Mkojo wa mwanamke ulitiwa kwa sindano mwilini mwa chura jike aliyeletwa kutoka Afrika Kusini. Akitaga mayai, jibu lilikuwa ndiyo. Leo mama wa Micheweni hupata jibu lake kwa kijikaratasi, kwa dakika chache, na hapana chura aliyedungwa.

Hapana shaka, basi, kwamba huruma na maendeleo si mahasimu. Mwaka 1959 wataalamu Russell na Burch walieleza njia tatu: kutafuta badala ya mnyama, kupunguza idadi yao, na kuwapunguzia maumivu.

Hatusemi dawa zisijaribiwe. Chanjo za watoto wetu lazima ziwe salama, na ipo mitihani ambayo bado haijapata badala. Lakini mazoea si hoja. Tunawaomba wakuu wanaotoa vibali vya utafiti Visiwani wamuulize kila mtaalamu, mgeni au mwenyeji, kabla ya kutia saini: je, hakuna njia nyengine? Jibu liwe la maandishi. Mnyama hana ulimi wa kujitetea, sisi tunao.