Mradi wa mwaka wa tano umechelewa

Kabla mtu aandike "wewe uliacha kampasi, unaongea nini", nimjibu mapema. Nilisoma injinia miaka miwili na nusu na sikuwahi kuulizwa swali ambalo lekcha mwenyewe hajui jibu. Hata moja. Labu unapewa karatasi yenye hatua zote, unapima kitu kilichopimwa kabla mamako azaliwe, na namba zikikataa unakopi za beshte yako.

Digrii ya injinia hapa Kenya ni miaka mitano. Utafiti wako mwenyewe unakuja lini? Mwaka wa mwisho. Miaka minne unafunzwa kunyamaza, halafu wa tano unaambiwa, haya, vumbua! Manze, si ndio maana wengine wanalipa mtu awafanyie.

Na msiniambie wanafunzi hawawezi. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, ilitoka Chuo Kikuu cha Nairobi na wanafunzi walikuwa kwa hiyo timu. Kaboksi ka sentimita 10 kila upande, na kamera ndani. Wajapani wakaiachilia kutoka kituo cha anga tarehe 11 Mei 2018. Poa sana. Lakini hiyo ni timu moja. Wengine wote walikuwa wapi? Darasani, wakinakili ubao.

Watasema pesa hakuna. Pesa ya nini? Shuka Kariobangi Light Industries uone mafundi wanavyounda mashine za kukatia nyasi ya ng'ombe kwa chuma cha skrapu. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza swali moja tu: kwa nini hiki kisu kinavunjikia hapo hapo kila mara? Hicho chuma kimechanganywa na nini? Anahitaji daftari, kipimo na nauli ya mat. Fundi naye apate kisu kinachodumu.

Lekcha mmoja aliniambia wa mwaka wa kwanza hawana hesabu ya kutosha. Sawa, lakini hiyo hesabu ingeniingia haraka ningekuwa nimeshika kisu kilichovunjika, badala ya kuikariri ya mtihani.

Nataka kitu kimoja: kila muhula, kuanzia wa kwanza, swali moja ambalo haliko kwa kitabu, na lipewe alama. Kama uko mwaka wa kwanza saa hii, mpelekee lekcha wako swali lako wiki hii. Akikataa, andika sababu yake hapa chini tuisome wote.